Mtoto Anayekariri Bado Hajasoma: Nafasi ya Ushairi katika Vituo Vyetu vya Watoto



Katika vikao vya kamati za sharika kuna swali ambalo limejitokeza mara nyingi. Wajumbe wanauliza: kama tatizo la watoto wetu ni kutojua kusoma, kwa nini kila Jumamosi vituo vyetu vinatumia saa nzima kwa mashairi? Je, huo si mchezo? Wafadhili wetu nao wameuliza: ushairi unamsaidiaje mtoto aliyepitia magumu? Tumeona ni vema kuyajibu maswali haya mawili kwa pamoja, kwa sababu kwa uzoefu wetu majibu yake yanategemeana. Tutaeleza pia kosa tulilolifanya sisi wenyewe, maana bila kulieleza hilo msomaji hataelewa kwa nini tulibadili utaratibu wetu.

Tulipokosea

Kila msharika wa KKKT anaifahamu Sikukuu ya Mikaeli na Watoto, inayoadhimishwa mwishoni mwa Septemba. Siku hiyo watoto husoma masomo, huimba na kughani ngonjera. Miaka michache iliyopita tuliitumia sikukuu hiyo kuwapokea wageni waliokuja kuuona mradi. Sisi watu wa ofisi tuliandika ngonjera ya beti sita, na watoto wakaifanyia mazoezi kwa wiki tatu. Siku ilipofika waliitoa bila kukosea hata neno moja. Kanisa zima lilipiga makofi, na baadhi ya wageni walifuta machozi.

Baada ya ibada mgeni mmoja alimwita msichana wa darasa la nne aliyesimama mstari wa mbele. Alimpa ile karatasi akamwomba amsomee ubeti wa kwanza. Mtoto alianza mara moja, kwa sauti nzuri, huku kidole chake kikipita juu ya mistari. Mwalimu wa Shule ya Jumapili aliyekuwa karibu ndiye aliyegundua kwamba kidole kilikuwa kwenye ubeti wa nne. Mtoto alikuwa hasomi. Alikuwa ameikariri ngonjera yote kwa kusikia, na karatasi ile kwake haikuwa na tofauti na karatasi tupu. Tulipowapima wenzake wiki iliyofuata tulikuta hakuwa peke yake.

Kosa la pili lilikuwa zito zaidi. Ngonjera tuliyoiandika iliwataka watoto waseme kwamba wao ni yatima, hawana baba wala mama, na kwamba bila wageni wale hawana tumaini. Baadhi yao walikuwa yatima kweli, lakini wengine hawakuwa. Mama wa msichana yule alikuwa ameketi benchi la tatu. Siku ile hakutuambia kitu. Wiki iliyofuata alimwendea Mwinjilisti akamwambia, "Mwanangu amesimama mbele ya kanisa akasema hana mama. Mimi nipo, Mwinjilisti. Nilikuwa nimeketi pale."

Tulikwenda kumwomba radhi. Alitupokea vizuri na kutukaribisha chakula, jambo lililotuongezea aibu. Baadaye tulikaa na walimu wa vituo na kujiuliza maswali mawili. Kwanza, kama mtoto anaweza kushika beti sita kichwani kwa wiki tatu, kwa nini uwezo huo mkubwa hautumiki kumfundisha kusoma? Pili, kama maneno yaliyopangwa vizuri yana nguvu ya kuwaliza watu wazima, nguvu hiyo inamfanyia nini mtoto anayeyatamka kila siku kwa wiki tatu? Utaratibu tunaoueleza hapa chini ulitokana na maswali hayo.

Tatizo la kusoma

Hali ya usomaji nchini inafahamika. Tathmini za Uwezo, zilizoanza kufanyika Tanzania mwaka 2010, zilionyesha kwamba watoto wengi wanafika darasa la tatu bila kuweza kusoma hadithi fupi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Serikali nayo ililiona jambo hilo, na mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulioanza mwaka 2015 ulijengwa juu ya stadi za KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu.

Katika eneo letu la Kanda ya Kati kuna jambo la ziada. Watoto wengi wanaoanza shule wametoka katika nyumba ambako lugha ya kila siku ni Kigogo, Kirangi au Kisandawe. Mtoto wa namna hiyo anakutana na herufi na Kiswahili kwa wakati mmoja. Anaambiwa asome neno ambalo sikio lake bado halijalizoea. Akishindwa, anaonekana mzito wa akili, kumbe hajapewa nafasi ya kulisikia neno lile vya kutosha kabla ya kuliona ubaoni.

Kusoma kunaanza katika sikio

Watu wengi hudhani kusoma ni kazi ya macho. Wataalamu wa elimu wanatuambia kwamba mtoto hujifunza kusoma kwa urahisi zaidi akiwa tayari ameweza kusikia kwamba neno limejengwa kwa sauti ndogo ndogo, na kwamba maneno mawili yanaweza kufanana mwanzoni au mwishoni. Mwaka 1983 watafiti Lynette Bradley na Peter Bryant wa Oxford, Uingereza, walichapisha matokeo ya kazi waliyoifanya kwa miaka kadhaa na watoto walioanza kuwafuatilia wakiwa na umri wa miaka 4 na 5, kabla hawajajua kusoma. Watoto waliokuwa wepesi kutambua neno lisilofanana kwa sauti na wenzake ndio waliokuja kusoma vizuri zaidi baadaye. Aidha, katika watoto waliofundishwa kupanga maneno kwa sauti zake, waliofanya vizuri kuliko wote ni wale walioonyeshwa pia herufi za sauti hizo.

Jambo hili la mwisho ndilo linaloeleza kosa letu la kwanza. Watoto wetu walikuwa wamepata sauti bila herufi. Walikuwa na nusu ya kwanza ya kazi, na nusu hiyo waliifanya vizuri sana, lakini hakuna aliyewaonyesha nusu ya pili.

Kwa nini ushairi wa Kiswahili

Hapa Mungu ametubariki na urithi ambao hatukuununua. Ushairi wa jadi wa Kiswahili umejengwa juu ya mambo mawili, mizani na vina. Mizani ni hesabu ya silabi katika mstari. Vina ni silabi zinazofanana katikati au mwishoni mwa mistari. Katika utenzi, kila mstari huwa na mizani 8. Katika shairi la mistari minne lililozoeleka, kila mstari huwa na mizani 16, yaani 8 upande wa kwanza na 8 upande wa pili. Kaluta Amri Abedi alizieleza kanuni hizi katika kitabu chake cha Sheria za Kutunga Mashairi cha mwaka 1954, na watunzi wengi wa magazetini na redioni wamezifuata.

Sasa tazameni. Mwalimu wa darasa la kwanza anataka mtoto aweze kuligawa neno katika silabi na kutambua silabi zinazofanana. Mtunzi wa shairi anafanya kazi hiyo hiyo kila anapotunga. Kiswahili chenyewe kinarahisisha mambo, kwa sababu kina vokali tano tu na silabi zake nyingi huishia kwa vokali, hivyo zinasikika wazi. Mtoto anayepiga makofi kuhesabu mizani anafanya zoezi la kusoma bila kujua kwamba anafanya zoezi.

Tutoe mfano. Beti hizi mbili tulizitunga wenyewe kwa ajili ya vituo vyetu:

Jogoo ameshawika,
Na ndoo nimeishika,
Kisimani nimefika,
Maji bado ni baridi.

Nawahi kwenda shuleni,
Kitabu ki mkononi,
Na wimbo uko moyoni,
Leo nasoma zaidi.

Kila mstari una mizani 8. Katika ubeti wa kwanza maneno wika, shika na fika yanaishia kwa sauti moja. Mwalimu akiyaandika ubaoni, moja chini ya jingine, mtoto anaona kwa macho kile ambacho sikio limeshakubali, kwamba sehemu ya mwisho ni ile ile na kilichobadilika ni mwanzo tu. Mwalimu akifuta mwanzo na kuandika p, mtoto anasoma pika, neno ambalo hakufundishwa. Siku mtoto anaposoma neno ambalo hakufundishwa ndiyo siku anapoanza kusoma kweli.

Katika ubeti wa pili neno mkononi lina funzo jingine. Watoto wengi hupiga makofi matatu, ko-no-ni, na katika madaftari yao huandika "kononi". Tunapohesabu mstari na kukuta mizani 7, wao wenyewe huanza kuitafuta silabi iliyopotea, mpaka mmoja anagundua kwamba ile m ni silabi kamili: m-ko-no-ni. Kosa la tahajia ambalo mwalimu angelisahihisha kwa kalamu nyekundu mara nyingi linarekebishwa na watoto wenyewe kwa makofi.

Faida nyingine ni kurudia. Mtaalamu wa usomaji wa Marekani, S. Jay Samuels, alieleza mwaka 1979 jinsi kusoma kifungu kifupi mara nyingi kunavyomwongezea mtoto wepesi wa kusoma, ili akili yake isiishie kwenye kutambua herufi bali ibaki na nafasi ya kuelewa. Shida ni kwamba mtoto anachoka kurudia hadithi. Shairi halimchoshi, kwa kuwa limetengenezwa ili lirudiwe.

Wako wanaosema kwamba ushairi ni mali ya watu wa pwani. Tunawakumbusha kwamba mtu aliyefanya ngonjera ienee katika shule za Tanzania alikuwa mwana wa Dodoma, Mathias Mnyampala (1917–1969), Mgogo, ambaye Kiswahili hakikuwa lugha yake ya kwanza. Kitabu chake cha Ngonjera za UKUTA kilichapishwa mwaka 1970, baada ya kifo chake. Watoto wa kanda hii wamezaliwa wakisikia zeze na ngoma ya muheme. Mapigo wanayo tayari, na sisi tunawaongezea herufi.

Utaratibu wa Jumamosi

Walimu wetu wa kujitolea hufuata hatua zifuatazo. Tunazieleza kwa kirefu kidogo ili kamati ya usharika inayotaka kuanza iweze kuanza bila kusubiri semina.

1. Kusikia. Mwalimu anaghani ubeti mmoja mara tatu. Watoto wanasikiliza tu. Maneno magumu yanaelezwa kwa lugha ya nyumbani inapobidi.

2. Kupiga mizani. Watoto wanapiga makofi kwa kila silabi, wakihesabu. Wakitofautiana hesabu, wanarudia mpaka wakubaliane.

3. Kuona. Ubeti huo unaandikwa kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya manila. Mwalimu anafuata kila neno kwa fimbo huku watoto wakisoma pamoja. Fimbo haitangulii sauti wala haibaki nyuma.

4. Kuvuruga. Hii ndiyo hatua tuliyokuwa tumeikosa. Mistari inakatwa na kuchanganywa, na watoto wanaipanga upya. Kisha mwalimu anaanza na mstari wa tatu badala ya wa kwanza, au anachomoa neno moja na kuliandika peke yake ubaoni. Aliyekariri tu anakwama hapa, na mwalimu anafahamu nani wa kumsaidia. Tunasisitiza kwamba anayekwama haaibishwi. Anakaa na mwenzake.

5. Kusoma wawili wawili. Mmoja anasoma, mwingine anafuata kwa kidole, kisha wanabadilishana.

6. Kutunga. Kila mtoto anaongeza mstari wake mmoja. Anayeweza kuandika anaandika. Asiyeweza anamwambia mwalimu, naye anauandika mbele ya macho yake, kisha mtoto anausoma. Kwa watoto waliochelewa sana hatua hii ndiyo huwafungua, maana maneno yaliyoko kwenye karatasi ni yao wenyewe.

Mwisho, ubeti unanakiliwa katika daftari la mashairi ambalo mtoto anakwenda nalo nyumbani. Tunamwomba ausomee mtu mzima mmoja. Hata kama bibi hajui kusoma, anaweza kusikiliza, na bibi zetu wanajua sana kusikia pale mapigo yanapovunjika.

Ustahimilivu ni nini?

Tunageukia swali la pili. Katika taarifa za miradi neno ustahimilivu limetumika sana, wakati mwingine bila maelezo. Kwetu sisi maana yake ni uwezo wa mtoto kuendelea kukua vizuri licha ya kupatwa na mambo mazito kama vile kufiwa, njaa, ugomvi wa nyumbani au kuhamahama. Hatumaanishi mtoto asiyelia, wala hatumaanishi mtoto aliyezoea kuteseka.

Kazi inayojulikana sana kuhusu jambo hili ilifanywa na Emmy Werner na wenzake katika kisiwa cha Kauai, Hawaii. Waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955, tangu kuzaliwa hadi utu uzima. Miongoni mwa watoto waliokulia katika mazingira magumu kupindukia, kiasi cha theluthi moja walikua na kuwa watu wazima wenye uwezo, wanaojali na wanaojiamini. Walipochunguzwa walionekana kuwa na mambo kadhaa yanayofanana. Walikuwa na angalau mtu mmoja mzima aliyewajali bila kuyumba, ambaye hakuwa lazima mzazi. Walikuwa na jambo fulani wanaloliweza na kulifurahia. Na katika miaka ya shule ya msingi walikuwa na stadi nzuri zaidi za kusoma kuliko wenzao walioshindwa.

Hatusemi kwamba utafiti ule ulithibitisha ushairi. Haukuuhusu ushairi. Tunachosema ni kwamba saa moja ya Jumamosi, ikiendeshwa vizuri, inagusa mambo hayo matatu kwa pamoja: mtu mzima yule yule kila wiki, kitu ambacho mtoto anaona anakiweza, na kusoma.

Jambo la nne tumejifunza katika Biblia yenyewe. Zaburi ni mashairi, na sehemu kubwa ya mashairi hayo ni maombolezo. Zaburi ya 13 ina aya sita tu. Inaanza kwa malalamiko makali mbele za Mungu na kumalizia kwa kuimba. Zaburi ya 88 haifiki huko, bali inaishia gizani, na bado imo katika Maandiko Matakatifu. Kitabu cha Maombolezo, kilichoandikwa kwa ajili ya mji ulioangamizwa, kina mashairi manne yaliyopangwa kwa kufuata herufi 22 za Kiebrania, moja baada ya nyingine. Watu wa kale waliyapanga maumivu yao kwa alfabeti. Tunadhani walifahamu kwamba huzuni isiyo na mpaka inamtisha mtu, na kwamba ikiwekewa mwanzo, mwisho na hesabu inaweza kubebeka.

Mtoto wa mizani 8 anafanya kitu kama hicho kwa kiasi chake. Katika kituo chetu kimoja kuna mvulana aliyelelewa na babu yake. Babu alipofariki, mtoto alikaa miezi akija kituoni bila kusema kitu. Mwalimu hakumlazimisha. Jumamosi moja, katika hatua ya kutunga, aliandika mstari mmoja tu: "Babu, kiti kiko wazi." Kisha akauhesabu kwa vidole, akaona umetimia mizani 8, akampelekea mwalimu. Hakulia, na mwalimu hakumhubiria. Alimwambia, "Mizani imekaa sawa. Unataka mstari wa pili?" Mtoto akasema, "Wiki ijayo." Wiki iliyofuata aliuleta. Tumeuchapa hapa ule wa kwanza kwa ridhaa yake na ya bibi yake. Mingine ameomba ibaki katika daftari lake.

Tunaomba wasomaji watofautishe mstari ule na ngonjera yetu ya zamani. Yote miwili ilihusu kufiwa. Lakini ngonjera tuliiandika sisi, kwa ajili ya wageni, tukaiweka kinywani mwa watoto wote. Mstari huu aliuandika mtoto, kuhusu babu yake na kiti chake, na yeye ndiye aliyeamua nani ausome.

Mipaka tunayoilinda

Kutokana na hayo, vituo vyetu vyote vinafuata masharti haya:

1. Hakuna mtu mzima anayemwandikia mtoto shairi la kueleza shida za mtoto huyo au za familia yake. Mashairi yanayotolewa na mwalimu yazungumzie mambo ya kila siku: mvua, mbuzi, safari, kisima, michezo, matendo makuu ya Mungu.

2. Mtoto halazimishwi kusoma mbele ya wengine shairi alilolitunga mwenyewe. Daftari lake ni lake. Halipigwi picha wala kunukuliwa katika taarifa bila ridhaa yake na ya mlezi wake.

3. Mashairi hayashindanishwi kwa zawadi. Tulijaribu kwa muhula mmoja tukaona wanaosoma kwa shida wameacha kuja.

4. Ikitokea mtoto ameandika jambo linaloonyesha kwamba anapigwa, ananyanyaswa au yuko hatarini, mwalimu halichukulii kama shairi zuri. Hamhoji mtoto mbele ya wenzake na wala hamwahidi kutunza siri. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa kuitoa kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Mwalimu amwone afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au apige simu ya huduma kwa mtoto, namba 116. Mchungaji ajulishwe, lakini kumjulisha Mchungaji si badala ya kutoa taarifa.

5. Shairi si chakula wala dawa. Mtoto aliyekuja bila kula hawezi kupiga mizani. Kituo kinachoweza kutoa uji kianze na uji.

Hali ilivyo sasa

Walimu wetu ni wa kujitolea, na wengine huhama au kuolewa mbali, hivyo kuna vituo vilivyosimama kwa miezi. Vitabu vya mashairi vinavyofaa watoto wa umri wa miaka 7 hadi 10 ni vichache, na tunalazimika kutunga wenyewe, wakati mwingine si vizuri sana. Baadhi ya wazazi bado wanaona kwamba mtoto anayepiga makofi anapoteza muda. Kwa hao tumeona dawa ni kuwaalika waje kuketi kituoni asubuhi moja.

Kuhusu msichana tuliyemtaja mwanzoni, ilichukua karibu mwaka mzima. Sikukuu ya Mikaeli iliyofuata alisimama tena mbele ya usharika, safari hii na karatasi mkononi, akasoma beti mbili alizozitunga kuhusu mama yake anayetwanga mtama. Alisoma polepole. Kwenye neno anapotwanga alisimama, akarudi nyuma, akaligawa kimya kimya kwa midomo, kisha akaendelea. Hakuna aliyemwambia neno lile, na hakulihitaji kuambiwa. Mama yake alikuwa kwenye benchi lile lile la tatu.

Kwa anayetafuta maonyesho, usomaji ule ulikuwa hafifu kuliko ngonjera ya mwaka uliotangulia. Kwetu sisi kule kukwama kwake na kurudi ndiko kulikoonyesha kwamba sasa anasoma, kwa sababu aliyekariri hakwami kwenye neno gumu.

Tunachowaomba

Kwa kamati za sharika: toeni saa moja ya Jumamosi na mahali penye kivuli. Chagueni watu wawili wenye subira kwa kila kituo, ili mmoja akiugua kituo kisifungwe. Mahitaji ni karatasi za manila, kalamu nene za wino, chaki na daftari moja kwa kila mtoto. Katika usharika wenu hamtakosa mzee au mama anayejua kutunga. Mwalikeni, na mumweleze masharti tuliyoyataja. Hali kadhalika, zungumzeni na walimu wa shule za msingi zilizo karibu, ili herufi zinazofundishwa huko wiki hii ndizo ziwe katika shairi la Jumamosi.

Kwa wafadhili wetu: tunawashukuru kwa madaftari na kwa semina za walimu, na tunawaomba mwendelee. Lakini tuna ombi jingine lisilohitaji fedha. Mtakapotutembelea, msitarajie tena ngonjera iliyopigwa msasa wala watoto wanaowalilia. Mtakuta watoto wachache wamekaa chini ya mti, wanabishana kama mstari una mizani 7 au 8. Ketini nao. Mkipewa karatasi, mwombeni mtoto aanzie mstari wa tatu, kisha mumpe muda.